Ripoti za Jerotich Zimefika

Mke wangu Jerotich alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji huku kwetu Mai Mahiu, upande wa chini ya barabara, pale malori hulala kabla ya kupanda mlima. Alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza nani anahara, nani anakohoa, mama gani ana mimba, halafu anaingiza yote kwa simu aliyopewa na mradi. Mshahara hakuna. Alipewa simu, fulana ya bluu, na mkoba wenye picha ya mama anayecheka. Nilikuwa namwambia, hawa watu wa ofisi wamepata punda wa bure.

"Punda hajawahi kuharibu harusi ya mtu, Baba Chelimo," ananijibu. "Mimi nabeba tu."

Narudi kwa tairi zangu. Kazi yangu ni pancha za malori.

Kipindupindu kilikuja mwezi wa nane. Mvua kubwa ilikuwa imeingiza maji ya vyoo ndani ya kisima tunachochota sisi wote, na wakubwa walikuwa wamekuja kukiona, wakapiga picha, wakaenda. Watu wakaanza kuhara. Jerotich akatuma ripoti. Nilimwona kwa macho yangu. Anasimama karibu na choo chetu, mahali mtandao unashika vizuri, anainua simu juu, anangoja, mpaka inaonyesha tiki ya kijani. "Imefika," anasema, anaingia ndani kuvaa gambuti arudi kwa wagonjwa. Kila jioni, tiki. Na kila aliyemuuliza msaada uko wapi, alimjibu, "Wako njiani."

Hakuna mtu alikuja. Aliwaambia wako njiani mpaka wengine wakafa, akawaambia hivyo akiosha maiti pamoja na wamama wengine, na mwishowe ikamshika yeye mwenyewe. Alifia kwa gari la jirani, kichwa kwa mapaja yangu, kabla hatujafika hospitali.

Wakubwa walikuja wakati dereva mmoja wa trela, mtu wa mbali ambaye alikunywa chai hapa tu, alianguka kando ya barabara. Dereva ana bosi, na bosi ana namba za watu. Hiyo siku waliletwa mbio. Wakafunga kisima, wakanyunyiza dawa, wakaita baraza kwa uwanja wa shule. Mama mmoja akauliza mbona mmechelewa hivi. Mratibu wa mradi, kijana anaitwa Kipyegon, mwenye ofisi yake Nakuru, akafungua kompyuta juu ya magoti, akaisoma, akafunga.

"Wazazi wangu," akasema, "mimi siwezi kuja mahali sijaitwa. Kutoka kijiji hiki hatukupata ripoti hata moja."

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Mhudumu alikuwa mmoja, na alikuwa bado mochari.

Anyango alikuwa amekaa mbele yangu. Huyu anapikia madereva chai na chapati kwa kibanda kinachoangaliana na changu, na alikuwa amezika mtoto wake wa pekee, Ooko, wiki hiyo hiyo. Mpaka leo watu wanamwita Mama Ooko, na Ooko hayuko. Aligeuka akanitazama.

"Kumbe bando ya simu ilikuwa inaliwa," akasema. Hakupaza sauti. "Sisi tunaambiwa wako njiani, na mtu anakula bando ya mradi."

Baada ya hapo kila mtu akasema hivyo. Kwa mazishi ya Jerotich walikuja watu wa kwao na wachache wa kanisa. Wale wamama aliokuwa anaosha nao maiti walikaa kwao wakaanika nguo. Mimi wakanipa jina. Lori likisimama kwangu, utingo wa hapa anamwambia dereva, "Tulia hapo, boss, fundi yuko njiani. Wote kwa hiyo boma huwa njiani." Wanacheka. Nafungua nati.

Ningeweza kuzoea hilo jina. Nililoshindwa kuzoea ni Mama Ooko. Kila asubuhi anawasha moto wake pale ng'ambo, anaangalia kaburi la mke wangu, maana kutoka kwake linaonekana, na anatema mate chini. Si kwa kujionyesha. Anatema kama mtu aliyekula mdudu. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: huyo mama ajue Jerotich alituma.

Na simu nilikuwa nayo. Mradi waliiulizia, nikasema ilipotea siku ya msiba.

*

Dada ya Jerotich ana mtoto msichana, Fancy, anakaa Section 58 kule Nakuru. Amesoma mambo ya kompyuta mpaka chuo kikuu, anafanyia watu wa ng'ambo kazi akiwa kwa chumba chake. Nilimpelekea simu na gunia la kabichi. Nilimwonyesha zile tiki.

"Si umeona? Alituma. Sasa niandikie kitu nipeleke kwa hiyo ofisi."

"Anko, tiki ni picha tu," Fancy akasema. "Kuna mtu aliandika hii programu, na ni yeye aliamua hiyo picha itokee lini. Hatujui aliamua aje."

"Muulize."

"Nimuulize wapi? Hawajaandika mahali popote vile hii simu inaongea na ofisi. Itabidi tuisikilize wenyewe mpaka tujue lugha yake."

Akaifanya simu ipitishie maneno yake kwa kompyuta, vile mtu anachepusha maji ya mtaro yapite kwa shamba lake kwanza. Akaniambia pia ameziba njia ya mbele, hakuna kitu kitafika ofisini. Kompyuta yake ndiyo itajifanya ofisi.

"Jaza mgonjwa," akaniambia. "Wa uongo."

Nilikaa na hiyo simu. Kila jina la jirani lililonijia lilikuwa na kaburi ama lilikuwa la mtu aliyeponea kidogo tu. Nikajaza Kipyegon. Mwanamume, anahara.

Fancy alichungulia, akacheka mpaka akashika ukuta. "Anko, ongeza kutapika."

"Huyo atahara kwanza. Kutapika tutampa baadaye."

Nikabonyeza. Kwa kompyuta ukatokea mstari mrefu wa herufi na namba zimeshikana. Mimi niliona kama mchele umemwagika. Yeye akasema wale watu hawakuweka hata kufuli, maneno yako wazi, ila tu hajui lipi ni lipi. Kwa hiyo tukafanya hivi: nabadilisha kitu kimoja, natuma, yeye anaangalia ni wapi mstari umebadilika. Kipyegon akawa mwanamke. Herufi moja ikabadilika. "Hiyo ni jinsia." Akawa mtoto, akawa mzee. "Hiyo ni umri." Nikamtapisha. "Hiyo ni dalili." Hiyo kazi niliielewa. Mrija wa tairi ukiwa na tundu lisiloonekana, unauzamisha kwa maji, unauzungusha polepole, unangoja mahali patatoa povu. Huwezi kuzungusha mirija miwili kwa mara moja.

Tulishinda hapo. Kipyegon alihara kwa kila namna binadamu anaweza kuhara. Jioni Fancy akasema sasa anajua karibu mstari wote, kasoro namba moja ndefu iliyo mwanzoni, ambayo haikubadilika hata tukifanya nini.

"Tuiache," akasema. "Nataka kwanza nijue tiki inatoka wapi. Wakati simu inatuma, ofisi inafaa kujibu. Mimi sijui ofisi hujibu nini. Kwa hivyo naijibu tu chochote, nione kama itakataa."

Akaandika kitu, akaniambia nitume. Nikatuma. Tiki ikatokea, kijani safi.

"Uliijibu nini?"

"Nimeijibu 'ugali'."

"Ugali?"

"Ugali, anko. Na imeweka tiki. Haisomi jibu. Ikisikia tu kuna mtu amejibu, hata kama amesema nenda ukalale, inaweka tiki."

Niliuliza kama hiyo inamaanisha Jerotich hakutuma. Akasema la, alituma, hilo liko wazi, ripoti zote zilitoka. Jambo ni kwamba hatujui ofisi ilimjibu nini.

Akaanza kufungua simu. Akatoa laini iliyokuwa ndani, akaigeuza.

"Hii ni ya nani?"

"Yake."

"Na ya mradi?"

Ilikuwa imebandikwa kwa selotepu ndani ya kifuniko. Nikamweleza, maana mimi nilijua, wahudumu wote wa vijiji vya jirani walijua. Laini ya mradi ilikuwa inawekwa bando na ofisi kila mwezi, mpaka mwezi wa sita bajeti ikaisha, wakaambiwa tenda mpya haijasainiwa, wavumilie. Laini yenyewe huwezi kuiwekea kitu kutoka nje. Wahudumu wengine walivumilia, simu zikakaa kwa kabati. Jerotich akasema watu hawagonjeki kwa kufuata tenda. Akatoa laini ya mradi, akaweka yake, akawa ananunua bando kwa pesa ya mayai. Na hapo nilimlaumu kidogo, si sana. Huku kwetu kila mtu hufanya hivyo, laini moja ikiisha unatoa, unaweka nyingine. Nani aliwahi kufikiri ni kitu?

Fancy akarudisha laini ya mradi kwa simu, akaniambia nitume Kipyegon tena. Ile namba ndefu ya mwanzo, ile iliyokataa kubadilika siku nzima, ikabadilika.

"Hiyo ni laini," akasema.

Asubuhi yake akaniambia sasa anataka kugonga mlango wa ofisi yenyewe, kweli kweli. Atachukua ripoti ya kwanza ya Jerotich, bado imo ndani ya simu, aitume mara mbili. Mara ya kwanza kama vile ilivyotoka. Mara ya pili ile ile, hajagusa kitu, ila mwanzoni mwa mstari ataandika namba ya laini ya mradi.

Akatuma ya kwanza. Jibu likaja fupi. Akatuma ya pili. Jibu likaja refu, na ndani yake, hata mimi nililiona, kulikuwa na jina la kijiji chetu.

"Ile fupi inasema nini?" nikauliza.

"Inasema sikujui."

"Halafu?"

"Halafu inatupa."

"Na simu?"

"Simu inaweka tiki, anko. Si uliona. Hata ugali iliwekea."

Nje mama fulani, mpangaji wa plotu hiyo, alikuwa anapiga zulia. Nilimsikiliza akipiga. Nilikuwa nafikiria mayai. Vile alikuwa anayafuta moja moja na kitambaa kabla ya kwenda kuyauza, ndiyo apate bando, ndiyo ofisi imwambie haimjui. Angekuwa mvivu kama wengine, angeacha simu kwa kabati, angepanda gari aende akapige kelele kwa mlango wa mtu. Tiki ndiyo ilimkalisha. Kila jioni waliomtupa walimpa tiki.

*

Ofisi ya Kipyegon iko ghorofa ya juu, na ngazi zake zimesuguliwa zinang'aa. Nitasema ukweli, hakunifukuza. Alinipa kiti, akafunga mlango, akasikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza alivua miwani akasugua macho.

"Mzee, pole sana. Lakini umejisikia vile umenieleza? Umenieleza kwamba alitoa laini ya mradi kwa simu ya mradi."

"Kwa sababu hamkuweka bando."

"Mambo ya bando yalikuwa ya tenda."

"Tenda ni ya nani?"

"Hiyo si idara yangu."

"Sasa idara yako ni gani? Ya kufungua kompyuta kwa magoti?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Mzee, sikiliza. Alipewa masharti, akaweka sahihi. Laini isitolewe. Nikipeleka hii stori yako juu, jibu litarudi limeandikwa: mhudumu alivunja masharti, ndiyo sababu ripoti zikapotea. Sasa hivi ni maneno ya baraza tu, yataisha. Ukitaka niyaandike, yatabaki. Kwa heshima ya marehemu, wacha yalale."

"Jirani yangu anatemea kaburi mate."

"Pole," akasema tena. Halafu akavaa miwani. "Na simu, naona haikupotea. Ijumaa dereva wetu atapita Mai Mahiu. Umpatie."

Niliteremka hizo ngazi nikijua vile hawa watu wamejengwa. Ukikaa bila kutuma, umezembea. Ukituma kwa jasho lako, umevunja masharti. Wao wamekaa katikati, na pale katikati hakuna kosa.

Nikarudi Section 58. "Zitume zote," nikamwambia Fancy. "Kama ile ya pili. Na namba ya laini yao."

"Anko, zitafika leo. Tarehe ya mgonjwa itakuwa ya mwezi wa nane, lakini ofisi itapiga muhuri wake wa leo. Siwezi kubadilisha muhuri."

"Wapige muhuri wanaotaka. Mimi nataka huyo kijana akifungua kompyuta yake tena, asiseme hakuna hata moja. Nitaenda na Mama Ooko mpaka kwa hiyo meza, asome jina la mtoto wake."

Naapa tulifikiri ni hivyo tu: karatasi zilizochelewa zitaingia kwa faili, basi. Mimi wala yeye, hakuna aliyejua kuna kitu kingine ndani ya ofisi kinachohesabu.

Akatuma. Moja, nyingine, nyingine, jibu refu kila mara. Ya mwisho ilikuwa ya Jerotich mwenyewe. Alikuwa amejijaza. Jina, umri, dalili. Fancy aliiangalia muda, akafuta uso na mkono wa sweta, akaituma.

*

Kesho yake nilikuwa nimeinama kwa tairi la trela, jua halijapanda sana, nikasikia ving'ora vikija kutoka upande wa Nakuru. Nilidhani ni ajali. Ving'ora vikakata kona, vikaingia kwetu.

Magari meupe matatu na lori. Vijana wenye gambuti na barakoa wakaruka chini hata kabla lori halijasimama vizuri. Wakashusha hema, wakashusha vitanda vile vya wagonjwa wa kuhara, vyenye tundu katikati, mitungi ya dawa ya maji, maboksi ya dripu, maboksi, maboksi. Walikuwa wanafanya kazi nzuri, hilo niliseme. Hema lilisimama nikiwa bado nimeshika spana. Watu wakatoka kwa nyumba. Hakuna aliyeelewa. Hakuna aliyekuwa mgonjwa hata wa mafua.

Nesi mmoja mwenye mwili mdogo, jina lake kwa kifua limeandikwa Valarie, akanijia mbio.

"Mzee, shikamoo. Wagonjwa wako wapi?"

"Wagonjwa gani?"

"Mfumo umetoa tahadhari jana, kijiji hiki, ripoti nyingi kwa saa moja. Wamelala wapi? Tutaanza na watoto." Akainua karatasi. "Ooko, miaka sita. Wa kibanda cha chai. Ni hiki? Mama, wewe ndiye mama yake? Anaweza kutembea ama tumbebe?"

Mama Ooko alikuwa amesimama na mti wa kusukumia chapati, unga mpaka kwa viwiko.

"Yuko nyuma ya kanisa," akasema.

Nesi akageuka, akaokota mkoba wake, akaanza kwenda upande wa kanisa. Akawa anakimbia. Mzee mmoja wa kanisa akamfikia, akamshika mkono, akamwambia kitu kwa sikio. Nesi alisimama pale kwa vumbi na ile karatasi. Halafu akaanza kuisoma upya kutoka juu, midomo ikicheza, na nikaona wakati alifika kwa tarehe. Hakuna aliyekuwa amesoma tarehe. Walisoma muhuri wakapanda gari.

Kipyegon alifika na gari la peke yake, simu kwa sikio. Aliliona hema, akaniona mimi, na sura yake ikaelewa kabla ya mdomo.

"Nani ametuma hizi?"

"Jerotich," nikasema kwa sauti. "Mwezi wa nane alizituma, kompyuta yenu ikazitupa."

"Mzee, usinichezee. Unajua hili ni kosa la jinai? Unajua mafuta yaliyochomwa hapa? Hii dawa imetolewa stoo kwa dharura."

"Stoo ya wapi?" Ni Mama Ooko aliuliza. Alikuwa amekuja karibu bila mimi kumsikia.

"Mama, ngoja kidogo, naongea na mzee."

"Nakuuliza stoo ya wapi."

"Nakuru."

"Mwezi wa nane hii dawa ilikuwa wapi?"

"Mama, mwezi wa nane hatukuwa na ripoti, nilieleza kwa baraza."

"Sijakuuliza ripoti. Nimeuliza dawa ilikuwa wapi."

Kipyegon aliangalia viatu vyake. Ni viatu vizuri, vya kamba. "Stoo," akasema.

Akageukia vijana, akawaambia wabomoe hema, warudishe kila kitu kwa lori, dawa ihesabiwe. Hakuna aliyeanza. Mama Ooko alienda kwa maboksi ya dripu yaliyopangwa kando ya hema, akayaangalia kama mtu anayechagua mahali, akakaa juu yake. Mti wa chapati akauweka kwa magoti. Kijana mmoja akainama kuchukua boksi la chini, akainuka bila kuligusa.

"Baba Chelimo," akaniita. Tangu baraza hakuwa ameniita kwa jina hilo wala lingine. "Kuja hapa."

Nikaenda. Hii ndiyo siku niliyoitaka. Usiku mwingi nilikuwa nimelala nikipanga vile ataniomba msamaha, na vile nitamwambia usiniombe mimi, kamwombe yeye pale kaburini.

"Ya Ooko," akasema. "Jerotich aliituma mtoto wangu akiwa hai? Ama alipokuwa amekufa?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeona ripoti zote zikipita kwa kompyuta ya Fancy, na hata ya mke wangu sikuiangalia sana kama hiyo. Mtoto aliugua asubuhi, Jerotich akatuma jioni hiyo hiyo. Ooko aliishi usiku huo, na mchana mzima uliofuata, na sehemu ya usiku mwingine. Na hawa watu, walipoitwa jana yake, walikuwa wamefika kabla ya saa nne asubuhi, na hema likasimama nikiwa bado nimeshika spana.

Ningeweza kudanganya. Jina la Jerotich lilikuwa limesafishwa tayari, kila mtu pale alikuwa amesikia. Kwa Jerotich sikuhitaji kusema zaidi.

"Akiwa hai," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeonyeshwa njia na anaishika. Aliangalia hema. Aliangalia vile vitanda.

"Mimi nilikuwa na mtu wa kulaani," akasema. "Alikuwa karibu hapo, nimewasha moto tu namwona. Na alikuwa amekufa, hakuwa anaumia. Ungeniachia huyo, Baba Chelimo."

Nilikuwa nimekuja na ukweli kama mtu aliyeleta zawadi.

Wamama wengine walikuwa wanakuja. Hakuna aliyewaita. Mmoja akakaa kwa boksi, mwingine akakaa kwa kitanda chenye tundu, mwenye kufiwa na mume akaenda akashika mlingoti wa hema na mikono yote miwili. Hawakunitazama, wala kaburi la mke wangu hawakulitazama. Kipyegon alikuwa anasema na simu, anataja kituo cha polisi, anataja jina langu, ambalo alilisahau nusu akauliza mtu.

Waliponipandisha kwa gari la polisi nilipata dirisha. Mama Ooko alikuwa bado ameketi. Boksi moja la dripu lilikuwa limefunguliwa miguuni pake, hiyo haingerudi stoo. Yule nesi alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshika mkono wake wenye unga, na dole gumba lake lilikuwa linapapasa ndani ya kiwiko, polepole, linatafuta mshipa.